Siri Iliyouharibu Uchunguzi

Tarehe 7 Januari 1948, watu wa jimbo la Kentucky nchini Marekani waliona kitu cha mviringo kikimeremeta angani. Baadhi yao walikifananisha na koni ya aiskrimu. Kapteni Thomas Mantell, aliyekuwa akipita na ndege za kivita aina ya Mustang, aliombwa na mnara wa kuongozea ndege wa uwanja wa Godman Field akakitazame. Alipaa kupita futi 20,000 bila oksijeni. Wenzake waligeuza, yeye akaendelea kupanda, na ndege yake ikaanguka karibu na mji wa Franklin. Wachunguzi wa Jeshi la Anga wakasema alikuwa akiifukuza sayari ya Zuhura. Jibu hilo ni dhaifu, kwa kuwa mchana Zuhura ni nukta hafifu ambayo hata mwenye kujua pa kutazama huitafuta kwa shida.

Kilichoupotosha uchunguzi, kwa maoni yangu, ni siri ya serikali yenyewe. Wakati huo Jeshi la Majini lilikuwa likirusha maputo makubwa ya plastiki ya Skyhook, yenye upana wa mita 30 hivi, yaliyopaa juu kabisa ya uwezo wa Mustang, na wachunguzi hawakuwa na habari nayo. Wapo wanaodai kwamba maelezo ya puto ni kisingizio, maana yalitolewa miaka kadhaa baadaye. Lakini ucheleweshaji huo ulitokana na siri ileile, na umbo walilolieleza mashahidi ni la puto hasa. Jeshi lililowaficha wachunguzi wake ukweli ndilo lililowafundisha raia kutoliamini.