Abbé, Père, Frère: wenyeheri wanne wa Uvira na mlango wa utawa

Tarehe 18 Agosti 2024, hapo Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa wenyeheri watumishi wanne waliouawa siku moja huko Baraka na Fizi, tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita vya Simba ambavyo wazee wetu wanaviita Mulele. Wengi wetu tunawaita wote mapadri. Kumbe hawakuwa kundi moja.

Abbé Albert Joubert, mzaliwa wa upande wa Moba, alikuwa padri wa jimbo. Padri wa namna hiyo yuko chini ya askofu wake. Anaahidi utii na kutokuoa, lakini haweki nadhiri ya ufukara. Anaweza kuwa na mali yake.

Père Luigi Carrara na Père Giovanni Didonè walikuwa Waxaveri, shirika lililoanzishwa na Guido Maria Conforti huko Parma, Italia, mwaka 1895, na kufika Uvira mwaka 1958. Mtawa anaweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Anachopata ni cha jumuiya, na wakubwa wake wanaweza kumtuma nchi ya mbali.

Frère Vittorio Faccin alikuwa na nadhiri zilezile, lakini hakuwa padri. Frère si mtu aliyeshindwa masomo ya upadri. Huo ni wito kamili.

Mashirika mengine yana njia zao. Wabenediktini hukaa monasterini. Wajezuiti hawana tawi la masista. Wafransisko wana utaratibu hata kwa watu wa ndoa wanaoishi nyumbani kwao.

Nani anaweza kuingia utawa? Sheria ya Kanisa inadai novisi awe ametimiza miaka 17, asiwe katika ndoa, asiwe na deni asiloweza kulipa, wala asilazimishwe na mtu. Mjane anaweza kukubaliwa. Kabila, umaskini na ukimbizi havimo kati ya vizuizi.

Vijana wetu waliokimbia vita wana shida nyingine: cheti cha ubatizo kimebaki kijijini au kimeungua pamoja na nyumba, na bila uthibitisho wa ubatizo na kipaimara hawapokelewi. Wasikate tamaa. Kanoni ya 876 inasema kwamba, kama hakuna anayedhuriwa, shahidi mmoja mwaminifu anatosha kuthibitisha ubatizo. Mzazi au msimamizi wa ubatizo aende na kijana kwa paroko wa mahali mlipo sasa, amweleze alibatizwa wapi na mwaka gani.