Ngitili: Machipukizi na Malisho katika Usukuma

Mtawala wa Kisukuma aliitwa ntemi, na wengi waliolichunguza neno hilo hulihusisha na kutema, yaani kukata miti. Basi heshima ya utawala ilianzia katika kufyeka pori. Wala si ajabu kwamba katika miaka ya 1920, Serikali ya Tanganyika ilipotaka kuwafukuza mbung'o katika Shinyanga, iliwategemea watemi wawatoe watu wao kwa maelfu, shoka mikononi. Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza uchunguzi huo hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alijua kuwa mbung'o hawadumu pasipo vichaka vya kuwapa kivuli.

Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaingia. Walakini mti uliokatwa haukufa. Visiki vilichipua, mizizi ikatoa vichipukizi, na hapakuwa na mkaidi kuliko mkulagembe. Jina lenyewe lasema: ni mti ulao jembe; wengine huuita mvunja shoka. Kwa msimamizi wa ufyekaji machipukizi yale yalikuwa adui wa kukatwa tena. Mchungaji aliyatazama kwa jicho jingine, kwa kuwa majani machanga ni laini, hayazidi kimo cha mbuzi, na mara nyingi hutoka hata kabla mvua haijarudisha nyasi. Maganda yake huliwa na ng'ombe pia, na mbegu hupita salama tumboni. Alaye ndiye apandaye.

Malisho ya namna hiyo Wasukuma waliyatunza katika ngitili, sehemu ya ardhi, ya mtu au ya jamii, inayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na machipukizi yakue, kisha ikafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, hasa kwa ndama, wanyama wazee na wagonjwa. Ndani yake miti hupunguzwa kwa kuni na fito, kwani vichaka vikisongamana nyasi hufa.

Desturi hii ilidhoofika kwa ufyekaji, mashamba ya pamba na wingi wa mifugo. Uhamisho wa watu katika vijiji, katika miaka ya 1970, uliwatenga wengi na ngitili zao; mali iliyokuwa na mwenyewe ikawa ya yeyote. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, zilisalia hekta kama 600. Mwanzoni ulitegemea vitalu na miche, ndipo baadaye ukatambua yale waliyoyajua wachungaji, kwamba visiki vilivyo hai ardhini hushinda miche. Ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilizidi hekta 300,000.

Neno hili limeingia katika Kiswahili cha wataalamu wa misitu bila kufasiriwa. “Malisho ya akiba” yakaribia maana yake, lakini hayasemi lolote juu ya kufunga, wala juu ya nani mwenye haki ya kufungua. Na hilo ndilo zito siku hizi, maana asiye na ngitili hukodi ya jirani ng'ombe wake wanapokonda.