Mbwa Ameshiba, Lakini Siku Haipiti

Mwaka jana familia moja ya mtaa wetu ilipata safari ya Kanada. Walikuwa wamesubiri miaka 11. Wiki ya kuondoka waligawa kila kitu: masufuria kwa majirani, magodoro kwa kanisa, kuku wakachinjwa. Mbwa wao Simba hakuna aliyemtaka. Usiku wa mwisho yule baba alinikuta kwenye ukumbi wa vijana, akanipa kamba mkononi. Akasema, "Mdogo wangu, wewe si unakaa na watoto wa watu? Basi kaa na huyu pia." Asubuhi basi likaondoka.

Nilimfunga Simba nyuma ya ukumbi, chini ya kibanda cha mabati. Nikamwekea maji, na mabaki ya posho na maharage. Nikajua kazi imeisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Alizunguka kwenye kamba yake, mzunguko uleule, mpaka ardhi ikachimbika duara. Usiku alibweka hadi alfajiri. Majirani wakalalamika, na haki walikuwa nayo. Mwenyekiti wa mtaa akaniita: "Nakupa mwezi mmoja. Asiponyamaza, tutamwondoa." Hapa kwetu kila mtu anajua mbwa "anaondolewa" vipi.

Wiki ya tatu Simba akanyamaza mwenyewe. Hakuzunguka tena. Alilala tu, ukipita hainui kichwa. Mama jirani akafurahi, "Afadhali, sasa ametulia." Lakini kijana mmoja wa kikundi chetu, ana miaka 15, akamjibu kwa adabu, "Mama, hajatulia. Amekata tamaa."

Hilo neno lilininyima usingizi. Nikaanza kusoma kwenye simu usiku, wakati bando linakuwa rahisi. Nilikuwa natafuta dawa ya mbwa. Nilichopata ni historia ndefu ya watu waliofanya kosa lilelile nililofanya mimi: kufikiri kwamba aliyekula na kupata paa hana shida tena.

Kabla sijaendelea, ndugu msomaji, najua neno "mbwa" kwetu ni tusi. Wengine wetu tuliitwa hivyo kabla ya kufukuzwa. Sisemi mkimbizi ni mbwa, na atakayesema hivyo tutagombana. Hii habari ni ya mbwa kweli, wenye mkia.

Tuanze London, mwaka 1860. Mama mmoja aliyeitwa Mary Tealby alifungua huko mtaa wa Holloway nyumba ya muda kwa ajili ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Gazeti kubwa la The Times likamcheka, likaona hiyo ni huruma iliyopita kiasi. Mimi pia nimeulizwa hapa kambini: watu rasheni imepunguzwa, wewe unahangaika na mbwa? Mama Tealby hakufunga. Alifariki mwaka 1865, nyumba ikaendelea, na mwaka 1871 ikahamia Battersea, ambako ipo mpaka leo.

Ng'ambo ya bahari, Marekani, hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1877 jiji la New York lilikuwa bado linakamata mbwa wa mitaani, linawajaza kwenye kizimba cha chuma, halafu kizimba kinashushwa ndani ya mto East River mpaka wafe maji. Huko Philadelphia, wanawake wakiongozwa na Caroline Earle White walianzisha chama chao mwaka 1869, wakafungua nyumba ya kuwapokea mbwa badala ya kuwaacha wauawe kikatili. New York yenyewe ilibadilika mwaka 1894, pale kazi ya mbwa wa mitaani ilipochukuliwa na chama cha ASPCA, kilichoanzishwa na Henry Bergh mwaka 1866.

Kwa hiyo vita ya kwanza ilikuwa hii: mbwa asife vibaya. Ilikuwa vita ya haki. Lakini tazama zile nyumba zilijengwaje. Sakafu ya saruji, juu inaoshwa haraka. Kuta tupu. Nondo mbele. Ilikuwa na sababu, maana magonjwa yanaua mabandani. Kirusi cha parvo kilipotokea mwaka 1978 kiliua mbwa wengi duniani, na banda lisilosafishika ni kaburi. Ila banda linalosafishika vizuri ni banda lisilo na kitu. Hakuna cha kunusa, hakuna cha kutafuna, hakuna pa kujificha. Na kelele! Wakibweka pamoja ndani ya kuta za saruji, sauti inapita desibeli 100. Mbwa anasikia kuliko sisi. Hebu fikiria.

Kuhusu vita ya pili, ya maisha yenyewe, watu walijifunza sehemu moja kwa njia ambayo sipendi kuisimulia, lakini historia haichagui. Mwaka 1967 huko Pennsylvania, Martin Seligman na Steven Maier walifanya jaribio la shoti ya umeme kwa mbwa. Kundi moja lilikuwa na njia: mbwa akisukuma kibao kwa kichwa, shoti inakatika. Kundi la pili lilipata shoti zilezile, muda uleule, ila chochote walichofanya hakikusaidia. Kisha wote wakawekwa kwenye sanduku ambalo ukiruka kizuizi kifupi tu, umepona. Wale wa kundi la kwanza waliruka. Wa kundi la pili, wengi wao, walilala chini wakapokea shoti. Mlango ulikuwa wazi.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Simba alikuwa nje, kimya.

Mwaka uliofuata walijaribu kuwaponya. Waliwaita, wakawatupia chakula upande wa pili. Hawakusogea. Mwishowe waliwavuta kwa kamba, upande huu, upande ule, tena na tena, mara nyingi sana, mpaka mbwa mwenyewe akagundua kwamba miguu yake bado inafanya kazi. Hapo ndipo walianza kuruka wenyewe.

Na karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, watafiti walewale wawili waliandika kwamba walikuwa wamelielewa jambo kinyume. Walifikiri mbwa alijifunza kukata tamaa. Kumbe kulala chini ndiyo hali ya kawaida ya ubongo pale mateso yanapokuwa marefu. Kinachofunzwa ni kile kingine: kwamba nikifanya hivi, kitu kinabadilika. Tumaini ndilo linalofundishwa. Mimi ni mtu wa vijana, sijasoma chuo, lakini hiyo sentensi nimeiandika ukutani kwenye ukumbi wetu.

Wakati huohuo, watu wa bustani za wanyama walikuwa wamefika mahali hapohapo kwa njia ya upole zaidi. Heini Hediger wa Uswisi aliandika tangu miaka ya 1940 kwamba mnyama aliyefungwa anahitaji kazi ya kufanya, si nafasi na chakula peke yake. Miaka ya 1970, bustani ya Portland huko Oregon, Hal Markowitz aliwawekea nyani wa aina ya giboni vifaa vya kuvuta ili wapate chakula chao wenyewe. Chakula ni kilekile, lakini sasa kimetafutwa.

Mabanda ya mbwa yalichelewa kusikia. Mwaka 1997, Michael Hennessy na wenzake huko Ohio walipima damu ya mbwa wa banda moja la serikali ya mtaa. Homoni ya kotisoli, ile inayopanda mwili ukiwa na msongo, ilikuwa juu sana siku tatu za mwanzo. Yaani siku za kupokelewa ndizo ngumu kuliko zote. Ni siku zilezile ambazo sisi humwacha mgeni peke yake, eti azoee.

Baada ya hapo watu wakaanza kujaribu vitu vidogo vya bei ndogo. Mwaka 2002, Deborah Wells na wenzake wa Belfast waliwachezea mbwa 50 wa banda sauti tofauti. Muziki wa taratibu wa kizungu, ule wa vinanda na fidla, uliwafanya walale na kupumzika zaidi. Muziki wa roki wa makelele uliwafanya wabweke. Mwaka 2005 walijaribu harufu: maua ya lavenda na kamomili yaliwatuliza, lakini rozmari na mnanaa viliwaamsha. Huko Scotland, mwaka 2015, ikaonekana mbwa wanauzoea muziki haraka, kama siku moja tu, halafu hauwatulizi tena. Walipobadilishiwa aina za muziki mwaka 2017, utulivu ulidumu. Kwa hiyo hata kitu kizuri, kikiwa kilekile kila siku, kinageuka ukuta.

Kuna na jambo ambalo halina bei kabisa: mtu. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa mabanda matano ya Marekani, ambapo mbwa walichukuliwa kwenda kulala nyumbani kwa watu usiku mmoja au miwili. Kotisoli ilishuka wakiwa kule. Waliporudi bandani ilipanda tena, lakini haikupita ilipokuwa mwanzo. Usiku mmoja wa kulala vizuri haukumdhuru mbwa kwa kumwonjesha. Ulikuwa mapumziko, basi.

Sasa turudi nyuma ya ukumbi wetu. Niliwaita vijana tukakaa. Shida ilikuwa wazi: Simba akiwa kimya, hakuna atakayemwua. Tukimrudishia uhai, anaweza kubweka tena, na mwenyekiti alishasema. Wengine walisema tumwache hivyo. Yule kijana wa miaka 15 akauliza, "Kwani tunamtunza awe salama au awe hai?" Tulibishana mpaka giza. Mwishowe nikaenda kwa mwenyekiti mwenyewe, nikamweleza yote. Mzee yule alisikiliza, akasema, "Mimi nimekaa hapa tangu kijana wa kwanza wangu anazaliwa. Najua mtu aliyenyamaza. Nakuongeza mwezi."

Tulichofanya hakikuhitaji mradi wala mfadhili. Posho yake tuliacha kuimwaga kwenye bakuli. Siku moja tunaitawanya kwenye majani aitafute kwa pua. Siku nyingine tunaifunga ndani ya boksi la dukani alipasue. Mara nyingine tunatia punje kavu za mahindi ya kuchemsha kwenye chupa ya maji ya plastiki tuliyoitoboa, aibingirishe. Kifuniko na ile pete yake tunatoa kwanza, asije akameza, na mtu anabaki kumtazama mpaka amalize, kisha chupa inaondolewa. Kipande cha shitingi chakavu tulikifunga upande wa barabara, asione kila boda inayopita, na apate pa kujificha akitaka. Vitu vyake tunavibadilisha, leo hiki, kesho kile. Asubuhi na jioni anatembezwa, na ananusa anapotaka yeye, siyo anapotaka mwenye kamba. Na kila mchana kuna zamu: mtu mmoja anakaa karibu naye dakika 15. Hamshiki kwa nguvu. Anasoma kitabu chake cha shule kwa sauti, basi. Simba akitaka kusogea anasogea.

Siku tano za kwanza hakusogea. Chakula alikula usiku, tukiwa hatupo. Siku ya sita alinusa boksi. Siku ya tisa alilipasua, vipande vikatapakaa, na watoto wakapiga makofi kama wameona goli. Wiki iliyofuata alibweka tena. Nilitetemeka. Lakini alibweka mchana, mtu akija, kama mbwa mwenye kazi. Usiku alilala.

Nisiwadanganye. Lile duara la udongo bado lipo, na kuna siku analirudia. Basi la wasafiri likipita barabara kuu anasimama, masikio juu, mpaka vumbi litulie. Hakuna chupa inayotibu hilo.

Mkitaka kufanya hivi mtaani kwenu, neno moja la usalama. Mbwa msiyemjua msimguse, na mbwa wawili msiwape chakula sehemu moja, watapigana. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu moja kwa moja kituo cha afya, siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina msamaha.

Mwanzo nilisema hii habari ni ya mbwa tu. Sijabadilisha. Ila juzi kuna kijana mpya alifika kwenye ukumbi, wiki yake ya kwanza kambini. Alikaa kwenye kona, hakuongea na mtu. Zamani ningesema tumwache azoee. Nikampa boksi, nikamwomba akamfungie Simba chakula ndani. Akauliza alifunge vipi. Nikamwambia, unavyoona wewe.