Chumba cha Tatami Sita

Rafiki yangu mchoraji ramani alinijia juzi na wazo: achukue duka kuukuu la Kihindi katikati ya Mwanza, lenye kuta nene na veranda ya nguzo, aligeuze mgahawa wa Kijapani. Michoro anayo. Anachokosa ni maneno ya kumwambia fundi.

"Tatami si ni mkeka tu?"

Si mkeka. Mkeka unaukunja, unauegemeza ukutani. Tatami ina tumbo la mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa, unene kama sentimita 5, na juu imevishwa majani yaliyofumwa, ukiikunja umeivunja. Kichekesho ni kwamba jina lenyewe limetoka kwenye kitenzi cha Kijapani cha kukunja. Zamani ilikunjwa kweli, ikanenepa, jina likabaki. Mwambie fundi "mkeka" uone: atanunua wa mafunjo huko ziwani, autandike juu ya saruji, adai chake. Basi na iitwe tatami. Wajapani wenyewe hata chumba hukihesabu kwa hizo: cha tatami sita, cha tatami nane. Nasi Unguja na Lamu boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba.

Engawa, ile sakafu ya mbao ukingoni mwa nyumba, ni baraza, sina ugomvi.

Tokonoma ndiyo iliyotukalisha. Ni nafasi ya ndani iliyozama ukutani, hutundikwa maandishi ya wino, chini ua moja. Nikasema: kidaka. Rafiki yangu akapinga, kwa haki, kwamba vidaka vya Lamu ni vidogo, vimepangwa safu juu ya safu, na vilijazwa kaure za China. Sawa. Lakini kazi ni ileile, ukuta kumwonyesha mgeni kitu.

Mlango wa shoji, ule wa karatasi unaosukumwa kando, fundi atauita slaidi, na hakosei. Ila usiuweke mbele. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 huyalinda majengo ya kabla ya 1863, na duka hili si la zamani hivyo: Wajerumani walianzisha kituo chao Mwanza 1892. Lakini mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940, kama huo wa mbele, unalindwa. Nyumba haimo, mlango umo.

Akaifuta slaidi ya mbele, akaihamishia ndani. Pembeni, kwa penseli, akaandika: kidaka (kikubwa).