Elimu ya Watoto Wenye Ulemavu Tanga

Mji wa Tanga una fahari yake katika historia ya elimu, maana ndipo Wadachi walipofungua shule ya kwanza ya serikali katika Tanganyika, mwaka 1892, wakitaka makarani na wakalimani. Mtoto kipofu hakuwekewa nafasi mle. Chuoni alikuwa na bahati zaidi, kwa kuwa kuhifadhi Kurani kwa masikio hakudai macho. Lakini kalamu haikuwa yake.

Shule ya vipofu ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950, yaani miaka 58 baada ya ile ya Tanga. Mwaka 1963 Walutheri walifungua ya Irente, Lushoto, na viziwi wakapata yao Tabora. Kwa mzazi wa Nguvumali, Irente ndiyo iliyokuwa karibu, nayo ilidai kupanda milima ya Usambara kutoka Mombo na kumwacha mtoto bwenini. Shule hizi zilifanya kazi kubwa, wala haifai kuzibeza. Lakini mlango wake ulikuwa wa hisani: aliyepokewa alishukuru, na aliyekosa nafasi hakuwa na pa kushitaki.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliagiza kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule. Ilimpa raia elimu kwa kadiri ya uwezo wake, ikakataza kumnyima kwa sababu ya rangi, dini au siasa, ulemavu haikuutaja. Hapo ndipo penye kasoro. Nani aupime uwezo wa kiziwi, ikiwa mwalimu mwenyewe haijui lugha ya alama? Mtoto aliweza kurudishwa nyumbani, na aliyemrudisha asijione amevunja sheria.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bara ikatunga sheria yake. Humo mzigo uligeuzwa: mtoto mwenye ulemavu husoma katika shule ya kawaida, isipokuwa pale yanapohitajika mawasiliano maalumu. Mzazi wa Nguvumali aambiwaye ampeleke mwanawe mbali, anayo haki ya kuuliza sababu. Ila ule ubaguzi wa mwisho, wa mawasiliano, wataka kuangaliwa sana; kwani shule isiyo na mwalimu wa lugha ya alama wala vitabu vya nukta nundu yaweza kuutumia kama lilivyotumika zamani neno "uwezo".