Raga ya Chini ya Maji: Wajerumani Walianza na Ndoo, Sisi Tuna Ziwa Zima

Wasee wa Homa Bay na Migori, mnajua kuna raga inachezwa chini ya maji? Siongei kuhusu raga ya matope msimu wa mvua. Ni chini ya maji kabisa, umeshika pumzi, na bado mtu anakukaba.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1961, kule Cologne, Ujerumani, mpiga mbizi anaitwa Ludwig von Bersuda alitaka mpira wa kuchezea ndani ya maji. Shida ni kwamba mpira wa kawaida una hewa, ukiuachilia unaruka juu. Akaujaza maji ya chumvi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko yasiyo na chumvi, kwa hivyo mpira ukazama polepole. Hapo ndipo mchezo ulizaliwa.

Kisha Franz Josef Grimmeisen wa Duisburg akaona hii inaweza kuwa mechi ya ushindani. Alienda kuomba msaada wapi? Kwa tawi la Mülheim la chama cha kuokoa watu wanaozama. Tarehe 4 Oktoba 1964 wakacheza mechi ya kwanza rasmi, Duisburg ikashinda 5-2. Goli zilikuwa ndoo. Shirikisho la CMAS likautambua mchezo mwaka 1978, na Kombe la Dunia la kwanza likachezwa hapo hapo Mülheim mwaka 1980.

Unachezwaje? Kila timu ina watu sita majini, kwenye bwawa la kina cha mita 3.5 hadi 5. Kikapu cha chuma kiko chini kabisa, kila upande. Unavaa miwani, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni. Mtungi wa hewa hakuna. Mwenye mpira anakabwa, lakini ukivuta miwani yake ni kosa. Mpira haufai kutoka nje ya maji. Na kwa sababu pumzi inaisha haraka, hakuna mtu anaweza kubeba timu peke yake. Ukipanda juu kuvuta hewa, lazima mwenzako awe tayari ameshuka.

Sasa jowadwa, msikimbie Nam Lolwe na mpira. Ziwa letu lina kiboko, mamba na kichocho, na ukishuka kidogo tu huoni kitu. Mchezo huu ni wa bwawa safi.

Lakini usiniambie ni wa wazungu. Kolombia waliuchukua wakaufanya wao, hadi Kombe la Dunia la 2015 likachezwa mji wao wa Cali. Hata raga ya nchi kavu tuliletewa na Waingereza, na mwaka 2016 tukawanyoa Fiji 30-7 kwenye fainali kule Singapore.

Kinachoniuma ni hiki. Watu wetu wanavuka kila siku kutoka Mbita kwenda Mfangano, na wavuvi wa Muhuru Bay wanaingia ziwani usiku kutafuta omena. Wengi hawajui kuogelea. Mtoto wa ziwani anafunzwa kuogopa maji, hafunzwi kuyashinda. Halafu mashua ikipinduka tunasema ni mapenzi ya Mungu.

Mchezo ulioanzia kwa wapiga mbizi na waokoaji ungetufaa kuliko watu wengi duniani. Bwawa moja lenye kina kwa kila kaunti, walimu wa kuogelea, na vijana wa ufuo wafunzwe kuokoa. Raga itafuata yenyewe.

Ukitaka kuanza leo, tafuta bwawa lenye mwangalizi, jifunze kuogelea kwanza, kisha kupiga mbizi. Na usijaribu kushika pumzi majini ukiwa peke yako, kwa sababu unaweza kuzimia bila dalili yoyote. Wajerumani walianza na ndoo na mpira wa chumvi. Sisi tuanze na kuhakikisha hakuna mtoto wa beach anakufa maji akiwa mita chache tu kutoka nchi kavu.