Nick Faldo

Sir Nicholas Alexander Faldo (alizaliwa 18 Julai 1957) ni mchezaji wa zamani wa gofu ya kulipwa kutoka Uingereza. Alitwaa mataji sita ya mashindano makuu: Open ya Uingereza miaka ya 1987, 1990 na 1992, na Masters ya Marekani miaka ya 1989, 1990 na 1996. Alishika nafasi ya kwanza katika orodha ya dunia kwa jumla ya wiki 97, na kwa karibu miaka 20 alikuwa miongoni mwa nguzo za timu ya Ulaya katika Kombe la Ryder, pambano la timu dhidi ya Marekani.

Alizaliwa Welwyn Garden City, mji mdogo wa wilaya ya Hertfordshire kaskazini mwa London, akiwa mtoto wa pekee wa George na Joyce Faldo. Familia haikuwa ya gofu. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 13, aliangalia mashindano ya Masters kwenye televisheni na kumwona Jack Nicklaus akicheza. Akataka kujaribu. Wazazi wakampeleka kwa mwalimu wa klabu ya mji wao, Ian Connelly, na miaka minne tu baadaye, 1975, kijana huyo alikuwa bingwa wa England wa wachezaji wa ridhaa. Alipata nafasi ya masomo Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, lakini hakukaa: baada ya wiki chache alirudi nyumbani, na mwaka 1976 akaingia katika gofu ya kulipwa.

Mafanikio yalikuja mapema. Mwaka 1977, akiwa na miaka 20, aliitwa kwenye Kombe la Ryder na kushinda michezo yake yote mitatu, ukiwemo wa mtu mmoja mmoja dhidi ya Tom Watson, aliyekuwa bingwa wa Open mwaka huo huo. Mwaka 1983 alishinda mara tano katika Ziara ya Ulaya (mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya bara hilo) na kumaliza msimu akiwa kinara wa mapato. Mwaka uliofuata alipata ushindi wake wa kwanza Marekani, kwenye Heritage Classic ya Hilton Head.

Mchezaji mwingine angeridhika. Faldo alikuwa akiangalia upande mwingine: kila alipokaribia taji kubwa, mikwaju yake ilimponyoka saa ya mwisho. Aliongoza Open ya 1983 pale Royal Birkdale, akaporomoka siku ya mwisho. Masters ya 1984 ikawa hivyo hivyo, na magazeti ya London hayakumhurumia. Mtindo wake wa kuzungusha fimbo ulikuwa wa kupendeza machoni, mrefu na mlaini, lakini ulitegemea sana usahihi wa mikono na ulimpa mpira unaoruka juu mno. Kwenye upepo wa pwani, na kwenye presha, haukuaminika.

Hapo ndipo alipofanya uamuzi unaomtofautisha na wachezaji wengi wa kizazi chake. Alikwenda kwa David Leadbetter, mwalimu aliyekulia Zimbabwe, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa, na akamwomba amjenge upya. Kazi ilichukua takriban miaka miwili. Alibadili jinsi ya kushika fimbo, jinsi ya kusimama, na jinsi mwili unavyoongoza mikono. Alipiga mamia ya mipira kwa siku hadi viganja vikachubuka. Katika kipindi hicho matokeo yake yalishuka, baadhi ya wadhamini wakamkimbia, na wapo waliosema wazi kwamba ameharibu kipaji chake. Mwaka 1987 hakualikwa hata Masters. Wiki hiyo alikwenda Hattiesburg, Mississippi, kwenye shindano dogo, akapiga mikwaju 67 siku zote nne na kumaliza wa pili. Nambari hizo nne zinazofanana zilikuwa dalili ya kwanza kwamba chombo kipya kimekamilika.

Miezi mitatu baadaye, 19 Julai 1987, siku moja baada ya kutimiza miaka 30, alicheza raundi ya mwisho ya Open pale Muirfield, Uskoti, katika ukungu na baridi. Kila shimo la gofu lina kipimo chake cha mikwaju. Faldo alimaliza mashimo yote 18 kwa kipimo kile kile, bila kupunguza hata mkwaju mmoja na bila kuongeza hata mmoja. Mmarekani Paul Azinger, aliyekuwa mbele yake kwa mkwaju mmoja mashimo mawili yakiwa yamebaki, alipoteza mkwaju kwenye yote mawili. Wapo waliouita ushindi huo mkavu. Lawama hiyo haina uzito. Siku kama ile, uwanja ule, kutokosea mara 18 mfululizo ni kazi ngumu kuliko mikwaju miwili mitatu ya kushangaza.

Mwaka 1988 alilingana na Curtis Strange kwenye Open ya Marekani, lakini akashindwa katika raundi ya ziada, 75 kwa 71. Kisha ikaja Masters ya 1989. Alipiga 77 katika raundi ya tatu, akabadili fimbo ya kusukumia na kupiga 65 katika raundi ya mwisho, akaingia mashimo ya ziada na Scott Hoch. Hoch alikuwa na mpira usiofika mita moja kutoka shimoni ili ashinde, akaukosa. Kwenye shimo la 11, mvua ikinyesha na giza likiingia, Faldo aliutumbukiza mpira kutoka mita saba hivi. Mwaka uliofuata alirudia, safari hii dhidi ya Raymond Floyd, tena katika mashimo ya ziada, pale shimo la 11, baada ya Floyd kuutupa mpira majini. Kabla yake ni Nicklaus pekee aliyewahi kutetea taji hilo kwa mafanikio.

Mwaka huo wa 1990 ulikuwa kilele chake. Kwenye Open ya St Andrews alimaliza mikwaju 18 chini ya kipimo na kushinda kwa tofauti ya mikwaju mitano. Fimbo zake zilibebwa na Msweden Fanny Sunesson, aliyeanza kazi naye mwaka huo na kuwa mwanamke wa kwanza kubeba fimbo za mshindi wa shindano kuu. Walishinda pamoja mataji makuu manne. Mwaka 1992, tena Muirfield, Faldo aliutupa uongozi wake, akajikuta nyuma ya John Cook kwa mikwaju miwili, kisha akacheza mashimo manne ya mwisho kwa ustadi na kushinda kwa mkwaju mmoja. Alilia pale uwanjani, mtu ambaye wengi walimdhania hana hisia.

Taji la mwisho kati ya yale makuu ndilo linalosimuliwa zaidi. Kwenye Masters ya 1996 Greg Norman wa Australia aliingia siku ya mwisho akiwa mbele kwa mikwaju sita. Faldo hakufanya maajabu. Alipiga mpira mahali ulipotakiwa, shimo baada ya shimo, na kumwacha Norman asikie hatua zake nyuma. Norman alipiga 78, Faldo 67. Tofauti ya sita nyuma ikageuka tano mbele. Pale shimo la 18 alimkumbatia mwenzake kwa muda mrefu, na watu waliomwona baridi kwa miaka 20 wakabadili kauli.

Katika Kombe la Ryder alicheza mara 11 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1997, na kukusanya pointi 25, rekodi iliyodumu hadi Sergio García alipoivunja mwaka 2018. Unahodha haukumfaa: mwaka 2008, pale Valhalla, Kentucky, timu yake ilishindwa 16½ kwa 11½, na alilaumiwa kwa kuwapanga baadhi ya wachezaji wake wazito mwishoni, mahali ambapo shindano lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Kwa mtu aliyezoea kufanya kazi peke yake haikuwa rahisi kuongoza wenzake 12.

Kuanzia 2007 hadi 2022 alikuwa mchambuzi mkuu wa gofu wa televisheni ya CBS ya Marekani, na watazamaji waligundua mtu mcheshi. Tangu 1996 anaendesha Faldo Series, mashindano ya vijana. Alipewa cheo cha Sir mwaka 2009. Hadi mwaka 2025 wachezaji watatu wa England walikuwa wametwaa taji kuu baada yake, Justin Rose, Danny Willett na Matt Fitzpatrick, kila mmoja mara moja tu.